Wanawake, baiskeli na afya ya sehemu za siri: maswali ninayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa sasa naenda kazini kwa baiskeli, kutoka Bamburi hadi kisiwani kupitia Daraja la Nyali. Jumamosi alfajiri tunatoka kikundi cha wanawake: wengine wameanza juzi, wengine wana wajukuu. Swali la sehemu za siri haliulizwi mbele ya watu. Huja mwishoni, wenzetu wameshakaa kwa mama wa mahamri na mbaazi, mmoja akanishika mkono akanivuta pembeni: "Dada, nikuulize jambo?" Majibu ninayowapa ndiyo haya. Maungo nimeyataja kwa majina yake, bila kuvunja heshima, maana asiyeweza kutaja panapomuuma hupewa dawa ya kubahatisha.

Je, ni kawaida kuumia huko chini baada ya kupanda baiskeli?

Makalio kuuma wiki mbili za mwanzo ni kawaida, na huisha. Uke kuuma, ganzi, kuchubuka, au shavu moja la uke kuvimba si kawaida hata kama umezoea. Wengi wameambiwa wavumilie, nami nasema usivumilie.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliohusu wanawake zaidi ya 3,000, waendesha baiskeli, waogeleaji na wakimbiaji. Haukuona kwamba baiskeli inaharibu tendo la ndoa wala uwezo wa kuzuia mkojo. Ila waendesha baiskeli walitaja zaidi mambo matatu: maambukizi ya njia ya mkojo, ganzi, na vidonda vya kiti. Yote matatu yana kinga, na nyingi haina gharama.

Kiti gani kinanifaa?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Baiskeli nyingi tunazonunua ni za mtumba. Tunabishana bei, tunakagua breki na tairi, lakini kiti hatukiulizi, na mara nyingi kilitengenezewa mwanamume.

Ukikaa juu ya baraza ya saruji bila mto, kuna mifupa miwili ya makalio unayoihisi. Hiyo ndiyo inayotakiwa kubeba uzito wako. Kiti kikiwa chembamba kuliko nafasi ya mifupa hiyo, uzito unashukia msamba na mashavu ya uke, mahali penye mishipa ya fahamu na ya damu ambayo haikuumbwa kukaliwa. Kwa wastani, mifupa hiyo kwa wanawake imeachana zaidi kuliko kwa wanaume.

Kujipima ni kazi ya dakika mbili. Omba dukani boksi la katoni, lile lenye mawimbi ndani. Liweke juu ya ngazi au baraza, ukalie ukiwa na nguo nyepesi, inama mbele kidogo kama umeshika usukani, na unyanyue visigino. Hesabu hadi thelathini, uinuke. Pitisha ubavu wa penseli juu ya katoni na mabonde mawili yatajitokeza. Pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine. Wengi hupata kati ya sentimita 10 na 15. Ongeza kama sentimita 2, na zaidi kidogo ukiwa unaendesha umekaa wima, upate upana wa kiti chako sehemu ya nyuma.

Watu hukimbilia kiti kinene kama mto, au kufunga kitambaa chenye sponji juu ya kile cha zamani. Kwa safari fupi ya sokoni hakina neno. Kwa saa nzima, mifupa inazama, sponji inapanda katikati na kukandamiza palepale ulipotaka papumzike. Afadhali kiti kigumu kiasi chenye upana wako. Vile vyenye uwazi katikati huwasaidia wengi, lakini wako wanaovimba pembeni mwa uwazi huo, kwa hiyo kijaribu kabla ya kukisifu.

Kiti kiwe juu kiasi gani, na ncha yake ielekee wapi?

Kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litapinda kidogo, na hapo ndipo sawa. Kiti kikiwa juu mno nyonga zinayumba huku na huku, na kila myumbo ni msuguo.

Ncha iwe sawa na ardhi au iiname kidogo sana. Mwenzetu mmoja, mwalimu, alilalamika ganzi kila tukifika kisiwani. Siku moja tukasimama kwa fundi pembeni ya soko la Kongowea. Nikalaza chupa ya maji juu ya kiti, ikabingirika kwenda nyuma: ncha ilikuwa imeinuka. Fundi akalegeza nati chini ya kiti, akashusha ncha, hata nusu ya upana wa kidole haikufika, akakaza. Tukavuka daraja tukaenda hadi bustani ya Mama Ngina, na mwalimu akateremka akijishika mapaja kwa mshangao, ganzi haikuja. Usiishushe sana lakini, utateleza mbele na viganja vitabeba uzito wote.

Usukani nao uangalie. Watafiti wa Yale waliona kwamba usukani ukiwa chini kuliko kiti, shinikizo la msamba linaongezeka na hisia zinapungua. Kama hushindani, pandisha usukani ulingane na kiti au ukizidi.

Nikishikwa na ganzi njiani?

Simama juu ya pedali papo hapo, uachie damu ipite. Fanya hivyo kila dakika kumi hata kabla ganzi haijaja, na kila unapovuka matuta. Ganzi isiyoondoka hadi kesho yake, au inayokuja na mkojo mgumu kutoka, ipeleke kwa daktari.

Nivae nini na joto hili?

Joto la Mombasa lina unyevu, jasho halikauki. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, utaloa hata ukitoka saa kumi na mbili asubuhi. Ngozi iliyoloa huchubuka upesi, na fangasi hupenda mahali penye joto na maji.

Kwa safari ndefu, vaa kaptura ya baiskeli yenye sponji, bila chupi ndani. Najua hili linawashangaza wengi. Mshono wa chupi ndio unaokata kinena, na pamba ikilowa jasho inang'ang'ania ngozi. Sponji ya kaptura imeshonwa ikuguse mwilini moja kwa moja. Kwa safari ya nusu saa, chupi ya pamba isiyo na mshono mnene na suruali nyepesi vinatosha.

Kama unavaa buibui au dera, kaptura hukaa ndani na hakuna anayejua. Tafuta baiskeli ya kike, ile isiyo na chuma cha juu, na funika cheni, kwa sababu nguo ikinaswa unaanguka bila kupata nafasi ya kutoa mguu.

La muhimu kuliko yote ni kuivua mara unapofika. Usikae na kaptura iliyoloa ukinywa chai kwa saa nzima. Mimi hubeba chupi kavu na leso. Leso moja ni chumba kizima: unajifunga kifuani, unavua chini yake, unajipangusa, unavaa kavu.

Tunafulia maji ya kisima yenye chumvi. Yana neno?

Yana neno. Sabuni haitoi povu vizuri, haisuuziki, na kaptura ikikauka unaihisi ngumu kama karatasi. Mabaki hayo ya sabuni na chumvi yakikutana na jasho yanawasha na kukwaruza. Tumia sabuni kidogo isiyo na manukato, na maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya mfereji au ya mvua, hata kama ni jagi mbili tu. Usitie dawa ya kulainisha nguo. Anika ndani nje, juani. Kaptura moja ni safari moja, usiirudie bila kuifua. Ukinunua ya mtumba, bonyeza sponji: ikibaki imelala, iache.

Tukishaogelea ufuo wa Pirates tunaweza kurudi kwa baiskeli na nguo zilezile?

Hapana. Chumvi ikikauka na mchanga ukibaki kwenye mshono, unapanda juu ya msasa. Jimwagie maji baridi, ubadilishe.

Nipake mafuta au poda?

Mafuta ya mgando au ya nazi, kidogo, mapajani na kwenye mikunjo ya kinena, hupunguza msuguo. Usiyatie ndani ya uke. Na kama mnatumia kondomu, kumbuka mafuta yanadhoofisha mpira wake, kwa hiyo jisafishe kwanza. Krimu za waendesha baiskeli zipo, ila zile zenye mentholi zinachoma vibaya kwenye ngozi laini ya mwanamke.

Poda iache. Inashikana na jasho inakuwa chembe za kukwaruza. Tena, mwaka 2024 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka talki, unga uliomo kwenye poda nyingi, kwenye kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani.

Nijisafishe vipi? Ndimu, shabu, udi?

Swali hili nalipenda kwa sababu wanawake wa Pwani ni wasafi, na usafi wenyewe ndio unaotuponza tukiuzidisha. Uke hujisafisha. Ndani mna bakteria wazuri wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo, yenye pH kati ya 3.8 na 4.5, ndiyo mlinzi wa mlango. Ukiingiza sabuni, siki, ndimu au dawa za kubana, unamfukuza mlinzi. Shabu inakausha, na ngozi kavu ikisuguliwa na kiti inapasuka. Kisha huja harufu, mtu anaosha zaidi, na harufu inazidi.

Osha nje tu, kwa maji. Ukitaka sabuni, iwe isiyo na manukato na iishie nje. Kustanji kwa maji baada ya haja ni kuzuri sana: anza mbele umalizie nyuma, halafu jikaushe, maana kupanda kitini ukiwa umeloa ni kukaribisha michubuko. Udi ufukize nguo na nywele kama tulivyolelewa. Moshi na joto lake visielekezwe ukeni.

Nywele za kinena nizinyoe kabla ya safari?

Zinapunguza msuguo na kuondoa jasho kwenye ngozi, kwa hiyo kwa kiti cha baiskeli ni msaada. Vipele vingi ninavyoviona ni vya mtu aliyenyoa Ijumaa usiku, Jumamosi akapanda kilomita 40. Wengi wetu ni Waislamu na tumefundishwa tusipitishe siku 40, na sikuambii uache. Badilisha siku tu: nyoa ukiwa na siku mbili tatu za kupumzika mbele yako, wembe mpya usioazimana na mtu, ukifuata nywele zinakolala. Asiyelazimika anaweza kupunguza kwa mkasi.

Kwa nini napata UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kila mara?

Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kama sentimita 4, na mlango wake uko karibu na haja kubwa. Bakteria wa utumbo, hasa E. coli, wana safari fupi, na msuguo wa kiti na jasho vinawasogeza.

Lakini nikiuliza zaidi, kwa wengi nakuta sababu nyingine: hawanywi maji. Hawanywi kwa sababu hakuna pa kukojoa. Kutoka Mtwapa hadi kisiwani mwanamume husimama popote, mwanamke anabana. Jambo hili linaniuma, kwa sababu ni ugonjwa unaotokana na kukosekana kwa choo. Mpaka litakaporekebishwa, pangeni safari kwa vyoo: vituo vya mafuta, misikiti yenye upande wa wanawake, maduka makubwa. Kojoa kabla ya kuondoka na mara tu unapofika, na baada ya tendo la ndoa pia. Kunywa mpaka mkojo uwe wa rangi ya kupauka.

Dalili ni mkojo kuchoma, kwenda mara kwa mara ukatoka kidogo, na maumivu chini ya kitovu. Pima mkojo kwanza, halafu umalize dozi yote utakayopewa. Kununua vidonge vinne vya antibayotiki dukani kunafundisha bakteria kustahimili. Ukiwa na homa, kutetemeka au maumivu ya ubavuni, maambukizi huenda yamefika kwenye figo: nenda hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito asingoje hata dalili moja.

Nikiwa nimefunga Ramadhani?

Panda saa moja ya mwisho kabla ya magharibi, karibu na nyumbani, au usiku baada ya tarawehe mkiwa kundi. Kati ya futari na daku kunywa maji kidogo kidogo, usiyaweke yote daku.

Nawashwa na nina ute. Ni fangasi ya kiti?

Pengine, pengine siyo. Ute mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda, usio na harufu kali, na muwasho mwingi, mara nyingi ni fangasi. Ute mwepesi wa kijivujivu wenye harufu ya samaki ni bakteria wamevurugika, na dawa ya fangasi haitausaidia. Wenye rangi ya kijani au povu unaweza kuwa ugonjwa wa zinaa, na mwenzako naye atibiwe. Ukirudiwa na fangasi mara nne kwa mwaka, pima sukari.

Nimetokwa na kijipu pale ninapokalia.

Usikiminye, usikipake dawa ya meno wala spiriti. Kalia beseni la maji ya vuguvugu dakika kumi na tano, mara mbili tatu kwa siku, ujikaushe, na upumzishe baiskeli mpaka kipone. Kikiwa kikubwa, chenye homa, au hakijaisha kwa wiki, kinahitaji kupasuliwa na mtaalamu. Kikirudi mahali palepale, tatizo ni kiti, rudi kwenye katoni.

Siku za hedhi je?

Panda. Pedi yenye mabawa hukata mapaja, kwa hiyo tumia nyembamba na ubadilishe kila baada ya saa nne hadi sita. Kikombe cha hedhi hakisuguani na kiti na wengi wetu tumekihamia. Osha mikono kabla, na ukichemshe kila hedhi inapoisha. Tamponi isipite saa 8.

Mama hataki binti yake apande, anaogopa atapoteza bikira.

Mama mpendwa, nakusikia, nami nimelelewa humuhumu. Kizinda si kifuniko kinachotoboka. Ni utando laini unaonyumbuka, pembeni mwa mlango wa uke, na hutofautiana kwa kila msichana tangu kuzaliwa. Kukitazama hakumwambii daktari wala somo (kungwi) kama msichana amemjua mwanamume. Mwezi Oktoba 2018, Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kwa sababu hauna msingi wa kisayansi na unamdhuru msichana. Mnunulie baiskeli inayolingana na kimo chake.

Nikianguka juu ya chuma cha katikati?

Kandamiza barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi hadi ishirini. Uvimbe unaokua, damu isiyokoma, au kushindwa kukojoa: hospitali, bila kungoja kuche.

Mimba, na baada ya kujifungua?

Aliyezoea na mimba yake haina matatizo anaweza kuendelea kwa ruhusa ya mkunga wake. Kinachotutisha ni kuanguka tumbo likikua. Baada ya kujifungua, arobaini yetu inakaribiana na wiki sita wanazosema wakunga. Kama ulishonwa, mshono uangaliwe kwanza.

Nilikeketwa. Naweza kupanda?

Unaweza, dadangu, na hauko peke yako: katika takwimu za Kenya za mwaka 2022, asilimia 15 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Kovu halinyumbuki kama ngozi, kwa hiyo linaumia mapema. Kiti chenye uwazi na mafuta kidogo husaidia. Kama uke ulishonwa ukafungwa na mkojo hutoka polepole, UTI itakuandama, na kuna matibabu ya kulifungua kovu. Mwambie muuguzi unayemwamini. Kosa si lako.

Hedhi yangu imekoma, sasa kila kitu ni kikavu.

Ni homoni ya estrojeni imepungua, na ngozi ya huko imekuwa nyembamba. Daktari anaweza kukuandikia krimu ya estrojeni ya kupaka, ambayo hupunguza na UTI pia. Hakuna haja ya kuuza baiskeli.

Naona haya kumweleza daktari mwanamume.

Omba uonwe na mwanamke. Ukiambiwa hayupo leo na hali yako si ya dharura, uliza atakuwepo siku gani. Unaweza kuingia na dada yako au jirani. Wanaokwama mdomoni nawaambia waandike kwenye karatasi wamkabidhi. Bibi mmoja wa Likoni aliniletea yake imekunjwa mara nne ndani ya kiganja: "Nina kidonda upande wa kushoto wa uke. Siku ya tano. Kinauma nikikaa kwenye baiskeli, sina homa." Nilihitaji maneno hayo tu, nikamwandalia kitanda na kuvuta pazia.